Mililita Thelathini kwa Kila Mguu

Naapa kwa meno yangu kumi na tisa yaliyobaki, pamoja na lile la dhahabu ambalo si la dhahabu, kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu kuanzia herufi ya kwanza. Sijatia chumvi hata punje. Ukikutana na binti yangu akakwambia vingine, mpe pole. Alizaliwa na tatizo la kukumbuka mambo jinsi yalivyotokea.

Mimi ni mstaafu. Kwa miaka thelathini na minne nilitengeneza taipureta za maofisini, na hakuna aliyenifundisha. Siku ya kwanza nilipewa bisibisi na mashine iliyokwama, nikaambiwa nisitoke mle chumbani mpaka iandike. Nilitoka. Niliwahi kuletewa mashine iliyoanguka kutoka ghorofa ya nne. Nilipoifungua ilikuwa bado inamalizia barua. Tangu hapo, kitu chochote chenye springi na skrubu nakihesabu kuwa ndugu yangu wa damu.

Ndiyo maana mjukuu wangu alipopata pikipiki ya motokrosi, hakuna aliyeuliza fundi wake atakuwa nani. Yaani, binti yangu aliuliza, tena mara mbili, ila nilijifanya sisikii.

Mjukuu mwenyewe tunamwita Cheche. Ana miaka kumi na mmoja na kilo thelathini na sita, hizo ni akiwa amevaa kila kitu: helmeti, kinga ya kifua, na viatu vigumu vinavyomfanya atembee kama kuku aliyekanyaga gundi. Pikipiki yake ni ndogo, haina taa, haina honi, haina kioo. Kazi yake ni moja tu, kuzunguka kiwanja cha udongo na kuruka matuta. Tuliichukua kwa familia moja ambayo kijana wao alirefuka ghafla, magoti yakawa yanagonga usukani.

Tatizo lilikuwa mbele. Kwa asiyejua, gurudumu la mbele la pikipiki hizi limeshikwa na miguu miwili ya bomba, mmoja kila upande, na ndani ya kila mguu mna springi na oili. Hizo ndizo shokapu za mbele. Springi inabeba, oili inatuliza. Vikielewana, mtoto anatua kama paka. Visipoelewana, mtoto anatua kama gunia la viazi.

Katika mashindano yake ya pili Cheche alitua kama gunia. Ilikuwa kwenye tuta la tatu, lile kubwa. Miguu ya mbele ilikuwa imevuja oili bila sisi kujua, ikazama hadi mwisho, chuma kikagonga chuma: ngo! Usukani ukampiga teke, naye akateleza kwa tumbo hatua kumi kama kipande cha sabuni bafuni. Hakuumia zaidi ya mchubuko wa kiwiko, lakini ule mlio wa ngo mama yake aliusikia mpaka kwenye uzio.

Mama yake, huyo binti yangu, ni mfamasia. Ni mtu wa kuhesabu vidonge hata usingizini.  Tuliporudi nyumbani, akasimama mlangoni akiwa ameshika ufunguo, akasema:

"Mashindano mengine ni baada ya wiki tatu. Hiyo sehemu ya mbele ikigonga tena, au nikiona mtoto hawezi kuishika, pikipiki inauzwa jioni hiyo hiyo. Mnunuzi ninaye."

"Mama!"

"Nimemaliza."

Cheche hakulia. Aliingia chumbani, akatoka na daftari jipya la miraba, na juu ya jalada ameandika kwa herufi kubwa: SHOKAPU. Kisha akanitazama mimi.

"Babu, unajua kweli au unajua za kwako?"

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "umeuliza kama mtu asiyenifahamu."

"Nimeuliza kwa sababu nakufahamu."

Basi tukahamia stoo, chumba kidogo nyuma ya jiko chenye meza yangu ya zamani, balbu moja, na harufu ya mafuta ya taa ambayo binti yangu anadai inaingia kwenye mapazia. Tukapandisha pikipiki juu ya kreti, gurudumu la mbele likawa linaning'inia. Cheche alikuwa na kazi ya kuandika. Mimi nilikuwa na kazi ya kufungua na kusema.

Tulianza na sili. Hizi ni mipira ya mviringo inayokaa pale mguu mwembamba unapoingia kwenye mguu mnene, kuzuia oili isitoke na matope yasiingie. Mdomo wa sili ukinasa hata chembe ya mchanga, oili inaanza kulia machozi. Dawa yake ni kijikaratasi chembamba cha plastiki, unakipenyeza, unakizungusha, uchafu unatoka. Kwa kukosa plastiki ya namna hiyo nilichukua picha ya eksirei ya nyonga yangu, nikakata kipande.

"Babu, hiyo si ya hospitali?"

"Daktari alishaiona, akasema nyonga kama hiyo ameiona kwa wanasarakasi tu. Haina kazi tena."

Nyonga yangu ilitoa mchanga wa kutosha kujaza kijiko cha chai. Hata hivyo upande wa kulia sili ilikuwa imekwisha chanika, na ya kushoto ilikuwa njiani. Tukazibadilisha zote mbili. Kila mpya niliipaka mafuta kidogo, nikaifunika ncha ya bomba kwa mfuko wa nailoni ili isikwaruzwe ikiingia, na Cheche akaandika hata rangi ya mfuko.

Ikafuata oili. Ile ya zamani ilitoka nyeusi, inanuka kama samaki aliyesahauliwa kwenye begi. Tukaosha ndani, tukajaza mpya. Hapa ndipo penye siri ya kazi. Unatoa springi, unaubonyeza mguu mpaka chini, halafu unapima kutoka ukingo wa juu hadi uso wa oili. Nafasi hiyo ya hewa ndiyo kila kitu. Oili ikizidi, hewa inabanwa haraka na mguu unagoma kuzama. Oili ikipungua, utasikia ngo. Binti yangu alitupatia bomba la sindano kubwa kutoka duka lake la dawa, lenye mpira mwembamba mbele, la kunyonyea ile inayozidi.

"Mimi napima kwa sikio," nilimwambia.

"Utapima kwa hilo, Baba."

Baadaye skrubu. Juu ya kila mguu kuna skrubu ndogo ya kurekebisha, inayolia tik kila ukiizungusha kidogo. Unaifunga kwanza mpaka mwisho, halafu unahesabu ukiifungua: tik moja, tik mbili. Ukiwa karibu na mwisho oili inapita kwa taabu, mguu unakuwa mgumu. Ukienda mbali, unalegea. Kitabu cha pikipiki kilisema kumi na mbili. Cheche alifunga macho akahesabu, mimi nikahesabu naye kimoyomoyo, tukakutana kwenye kumi na mbili mguu wa kushoto na kumi na mbili wa kulia. Akaandika. Akapigia mstari. Mara mbili.

Mwisho tukapima kuzama. Cheche alivaa vifaa vyote akasimama juu ya vikanyagio, mama yake akashika pikipiki kwa nyuma kwa uso wa mtu anayeshika kitu cha jirani, nami nikapiga magoti na futi. Akazama sentimita tano. Akabonyeza usukani mara tatu, ukashuka na kupanda taratibu, bila kudundadunda.

"Babu, inapumua," akasema.

Hiyo ilikuwa Jumanne jioni. Tuliifunika kwa shuka, tukakubaliana sote watatu kwamba asiiguse mtu mpaka Jumamosi.

Jumatano hakikutokea kitu. Cheche alikuwa shule, mama yake dukani, mimi nilishinda nimelala. Tuendelee.

Alhamisi asubuhi binti yangu aliniona na plasta kidevuni.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimejikata nikinyoa."

"Una ndevu, Baba."

"Ndiyo maana nilijikata, sijazoea."

Jumamosi tukafika kiwanjani mapema. Ni uwanja wa udongo mwekundu pembeni ya kiwanda cha matofali, na familia hupanga pikipiki zao kwa mistari chini ya maturubai, kila mtu na kreti lake, ndoo yake na kelele zake. Cheche alilegeza skrubu nyingine ndogo za pembeni, za kutoa hewa iliyojikusanya ndani ya miguu, pss upande huu, pss upande ule. Anapenda sana mlio huo. Zile za kuhesabu hakuzigusa. Za nini? Zilikuwa zimeandikwa, zikapigiwa mstari mara mbili.

Akaingia kufanya mazoezi. Mizunguko ilikuwa mitano. Alirudi baada ya miwili.

Aliteremka, akavua glovu, akaanza kukung'uta mikono kama mtu aliyeshika waya wa umeme. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na Cheche si mtoto wa kulia ovyo.

"Mbele ni meza," akasema. "Babu, ni kama naendesha meza. Kila kijituta kinaingia mpaka kwenye meno. Kwenye kona gurudumu linarukaruka, halishiki chini. Tuta la tatu nimelizunguka pembeni."

Mama yake alikuwa tayari amesimama nyuma yetu.  Alikuwa ameshika simu mkononi, kidole kikiwa juu ya kioo, na mimi nilijua ni jina la nani lililokuwa chini ya kidole kile.

Nikakaa chonjo. "Ni hewa ya huku," nikaanza. "Udongo mwekundu unatoa mvuke mzito asubuhi. Oili inakuwa haijaamka. Niliwahi kuwa na taipureta iliyokuwa haiandiki herufi M mpaka saa nne."

"Babu."

"Naam?"

"Nipe bisibisi."

Akapiga magoti. Akaifunga skrubu ya kushoto, akihesabu kwa sauti. Tik, moja. Tik, mbili. Tik, tatu. Tik, nne. Ikagota. Akanyanyuka, akaenda upande wa kulia. Nne. Ikagota. Akafungua daftari, akaweka kidole pale penye mistari miwili.

"Nani ameigusa?"

"Mtikisiko wa gari," nikasema. "Barabara ile ya mashimo. Skrubu ndogo kama hizi huwa zinajizungusha zenyewe."

"Zote mbili?"

"Inatokea."

"Kwa hesabu ile ile? Nane kwa nane?"

Jirani yetu wa turubai la pili, baba mmoja mwenye ndevu nyingi, akaacha kufuta mnyororo wake ili asikie vizuri. Binti yangu akanisogelea, akanishika kidevu kwa vidole viwili kama wanavyoshikwa watoto, akabandua plasta. Chini yake palikuwa na alama ya mraba, na mbele ya Cheche palikuwa na pedi laini iliyofungwa katikati ya usukani, ya mraba.

"Jumatano," akasema binti yangu.

Sawa. Turudi Jumatano.

Sikulala sana. Niliamka saa tatu, nyumba kimya, nikaenda stoo kuiangalia tu. Nikatoa shuka. Nikawaza: fundi gani anakabidhi kazi ambayo hajaijaribu? Nikaisukuma hadi uwanja mtupu nyuma ya maduka, nikaketi juu yake, magoti yangu yakawa jirani na masikio, nikaiwasha. Nilikwenda kwa kasi ambayo ndege waliokuwa mbele yangu waliniachia njia. Kulikuwa na lundo la mchanga wa ujenzi. Nililipanda, nikapaa. Nilikaa hewani muda wa kutosha kuona kwamba paa la duka la vitabu linahitaji bati mpya.

(Cheche aliponisikia nikisema hivi pale kiwanjani alisema lundo lile halifiki gotini. Anasema hivyo kwa sababu alipoliona lilikuwa limeshapungua.)

Nilipotua, mbele kulizama mpaka mwisho. Ngo! Kidevu kikakutana na pedi. Nikakaa pale mchangani nikifikiri kwa utulivu, na jambo moja likawa wazi kama mchana: shokapu ni laini mno. Mjukuu wangu atavunjika. Nikairudisha stoo, nikafunga skrubu kutoka kumi na mbili hadi nne. Kwa kumtakia mema, naapa. Halikunipitia akilini hata mara moja kwamba mimi nina kilo themanini na moja na yeye ana thelathini na sita.

"Tisini na tatu," binti yangu akasema. "Nimekupima mwezi uliopita."

"Nilikuwa nimevaa viatu."

Baba mwenye ndevu akageuka kando, mabega yakimtikisika.

Lakini Cheche hakuwa anacheka. Alikuwa ameshapiga magoti tena, anarudisha skrubu, midomo ikihesabu. Wakati huo akapita mkaguzi wa pikipiki, mwanamke mfupi mwenye ubao wa karatasi na filimbi shingoni, ambaye kiwanja kizima kinamwita Filimbi, hata mbele yake.

"Kundi la wadogo getini baada ya dakika thelathini na tano," akasema. "Mko tayari hapa?"

"Tuko tayari," akajibu Cheche akifuta bisibisi. "Zilikuwa skrubu tu. Mama, zilikuwa skrubu tu! Zimesharudi kumi na mbili. Sasa iko kama Jumanne."

Binti yangu akateremsha simu. Akavuta pumzi ndefu. Nikaona mabega yake yakilegea, akawa karibu kabisa kutabasamu.

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza mara nyingi kwa mambo madogo kuliko hilo, tena yakaisha salama. Nilishakamatwa, nilishachekwa, shauri lilikuwa limekwisha. Ila haikuwa kama Jumanne. Skrubu zilikuwa nusu ya jambo. Nusu nyingine ilikuwa ndani ya yale mabomba, mahali ambapo hakuna jicho linalofika, na hapo uwanjani hakuna aliyeijua isipokuwa mimi. Nikisema, binti yangu atakuwa na sababu ya pili, na ya kwanza bado ya moto. Nisiposema, Cheche atakwenda kwenye tuta la tatu akiamini miguu ya mbele inapumua, kumbe nimeiziba pua. Nikamtazama anavyojaribu kuvaa glovu. Kidole cha shahada kikaingia kwenye tundu la kidole cha kati.

"Na oili," nikasema.

 Yule mwenye ndevu akageuka tena kutusikiliza.

"Oili imefanyaje?" akauliza binti yangu.

"Niliongeza. Kidogo."

"Kiasi gani?"

"Kidogo tu, mwanangu, kama..."

"Baba. Kiasi gani?"

"Thelathini."

"Thelathini nini?"

"Mililita. Kwa kila mguu."

"Ulipima na nini?"

"Na lile bomba lako la sindano."

Akanitazama. "Kwa hiyo ni thelathini kamili?"

"Kamili. Ni mara ya kwanza maishani nimepima kitu kamili, na unaona kilichonipata."

Nilidhani atafungua simu. Alifungua mkoba. Akatoa bomba la sindano jipya, bado kwenye mfuko wake, na mpira mwembamba. Ni mfamasia, wengine hutembea na leso. Akapandisha mikono ya blauzi, akapiga magoti udongoni na suruali yake ya kitambaa, suruali ambayo mimi siruhusiwi hata kuweka begi langu karibu nayo.

"Niambieni inafunguliwaje."

"Mama, una uhakika?"

"Dakika thelathini na tatu. Ongea."

Cheche akaongea. Tukainua mbele juu ya kreti. Mimi nilishika gurudumu, hiyo tu ndiyo kazi niliyopewa, na kila nilipofungua kinywa niliambiwa nishike gurudumu. Wakalegeza vibano vya juu, wakafungua kifuniko cha mguu wa kushoto taratibu, kwa sababu springi iko chini yake na haina adabu. Mpira mwembamba ukashuka pembeni ya springi hadi ulipozama. Binti yangu akavuta. Oili ikapanda, safi, ya rangi ya chai ya rangi. Alisimamisha bomba mbele ya macho yake, akaligonga kwa ukucha mapovu yaondoke, akarudisha tone moja.

"Thelathini," akasema, kama anavyosema dirishani kwake.

"Thelathini," Cheche akaandika.

Kisha mguu wa kulia. Kifuniko kikagoma. Cheche akataka kukilazimisha, mama yake akamzuia mkono, akarudisha uzi wa kifuniko nyuma nusu duru ndipo ukafuata njia. Nani alimfundisha? Chupa za dawa, nadhani. Zikavutwa thelathini nyingine. Vifuniko vikarudi, vibano vikakazwa, gurudumu likashuka chini. Filimbi akapuliza filimbi yake: dakika sita.

"Simama juu," binti yangu akamwambia Cheche. Mimi nikachukua futi, nikanyang'anywa. Akapima mwenyewe. "Tano na milimita mbili. Jumanne ilikuwa ngapi?"

"Tano."

"Milimita mbili ni za nini?"

"Chai niliyokunywa asubuhi," akasema Cheche.

Binti yangu akashika usukani, akaegemeza uzito wake wote mbele mara tatu. Ikashuka, ikapanda, ikatulia. Akafanya mara ya nne, si kwa kupima tena. Nilimwona usoni. Alikuwa anaisikia. Kwa wiki tatu alikuwa ameogopa kitu asichokijua, na sasa oili yake ilikuwa mikononi mwake hadi kwenye viwiko.

"Mama, niende?"

Akafuta mikono kwenye suruali. "Nenda. Na lile tuta la tatu usilizunguke. Oili nimeipima mwenyewe."

Walikuwa watoto kumi na mmoja getini. Geti likaanguka, vumbi likapanda, tukabaki kuhesabu helmeti. Ya Cheche ni ya kijani. Mzunguko wa kwanza alikuwa wa tisa, na kwenye matuta madogo niliona mbele ya pikipiki ikifanya kazi yake, gurudumu likipanda na kushuka haraka haraka huku mikono ya mtoto ikiwa imetulia kama ya mtu anayebeba sahani ya supu. Likafika tuta la tatu. Binti yangu alinishika mkono. Alama za kucha zake bado ninazo, naweza kumwonyesha yeyote. Cheche akapaa. Akashuka. Hakukuwa na ngo. Kulikuwa na sauti ndogo, pff, kama mtu anapokaa kwenye kochi zuri, na yeye akaendelea zake.

Alishika nafasi ya kwanza, ukianza kuhesabu kutoka wa sita.

Aliporudi hakuteremka. Alikaa tu juu ya pikipiki, helmeti mkononi, meno yote nje, akiwa mwekundu wa vumbi kuanzia nyusi.

"Inapumua!" akapiga kelele. "Mama, inapumua!"

"Nimesikia," binti yangu akasema. "Inabaki. Ila Jumanne zote nitakuwa na nyie huko stoo. Na ufunguo nitakaa nao mimi."

Mpaka hapo ungesema nimenusurika, na mimi nilisema hivyo hivyo. Kila mtu alikuwa anakumbatia kila mtu. Yule baba mwenye ndevu akaja na kikombe cha kahawa, akanipa, akauliza kwa heshima zote: "Mzee, huyu mtoto anatua vizuri mno. Hizi shokapu zimeundwa na nani hasa?"

Sasa niambie, wewe ungefanyaje? Mtu amekuletea kahawa.

"Kijana, keti," nikamwambia. "Siri ya shokapu ni sikio. Mimi nasimama mbali hatua hamsini, pikipiki inapita, nasikia oili inavyozungumza. Leo nilisikia imezidi. Nikawaambia hawa: toeni thelathini, si ishirini na tisa, si thelathini na moja. Walibisha, lakini..."

Niliona macho ya kijana yakihama kutoka usoni kwangu kwenda juu ya bega langu. Nikageuka. Cheche, binti yangu, na Filimbi na ubao wake, wamejipanga kama picha ya harusi.

"Nimekuja kuandika sababu ya mtoto kukatiza mazoezi," akasema Filimbi. "Kwa hiyo ni sikio, Mzee?"

"Kwa kiasi kikubwa."

"Na aliyeiongeza hiyo oili ni nani?"

Nikamtazama binti yangu. Akatazama mawingu. Nikamtazama Cheche, damu yangu.

"Babu aliiendesha Jumatano," akasema damu yangu. "Bila kuniambia. Halafu akaitengeneza iwe ya kwake."

Filimbi akashusha ubao. Kiwanja kile kina desturi, haijaandikwa popote lakini kila turubai linaijua: anayegusa pikipiki ya mtoto bila mtoto mwenyewe kujua, huosha pikipiki za mstari mzima siku hiyo. Haijali umri, haijali cheo. Wanasema kuna mwaka mkuu wa shule aliosha tisa.

"Mstari huu una ngapi?" Filimbi akauliza.

"Nne," nikasema upesi.

"Kumi na moja," wakasema watu kama saba kwa pamoja.

Nikajaribu mgongo. Nikajaribu presha. Binti yangu akasema presha yangu ameipima jana na ni nzuri ya kuwatosha wazee wawili. Yule mwenye ndevu akachukua kikombe chake, ambacho nilikuwa sijakimaliza, akaniletea ndoo mahali pake, na burashi, na pikipiki yake iwe ya kwanza kuoshwa.

Nilivua saa, nikakunja suruali. Watoto wakaja kukaa juu ya makreti kunitazama, na Cheche akafungua daftari ukurasa mpya, akachora miraba kumi na moja. Ya kwanza niliiosha kwa dakika mbili, nikaisukuma kando, nikawaambia niliwahi kuosha treni nzima peke yangu kwa mswaki.

"Babu," akasema kitoto kimoja kilichoinama chini ya pikipiki ile, "huku bado kuna matope. Na huku. Na huku pia."

Cheche akaifuta alama aliyokuwa ameitia kwenye mraba wa kwanza. Nikachovya burashi, nikapiga magoti.